Milimita sita: nilivyojenga bwawa la infiniti Jambiani

Bwawa langu la kwanza la infiniti, yaani lile ambalo maji yanatakiwa kuvuka ukingo mzima na kuanguka kama pazia, lilimwaga maji upande mmoja tu. Ilikuwa hoteli ndogo, siitaji jina, na kosa halikuwa lao, lilikuwa langu. Tulijaza, tukawasha pampu, mwenye hoteli akavuta kiti ili atazame. Kushoto maji yalishuka kama pazia. Kulia vigae vikavu, vinang'aa, na mjusi kapanda juu yake anaota jua. Mwenye hoteli hakugomba. Aliuliza tu, "Fundi, ndivyo linavyotakiwa kuwa hivyo?" Nikamwambia pampu bado haijakaa sawa. Uongo mtupu. Nilikwishajua ni ukingo, maana jana yake niliupima kwa mpira wa leveli, ule wa kujazwa maji, uliokuwa na kiputo cha hewa ndani, na nilikiona kile kiputo, nikakipuuza kwa sababu ilikuwa Ijumaa mchana na vijana walikuwa wanasubiri posho.

Nilibomoa mita nne za vigae na kuzirudia kwa pesa zangu. Ndipo nikakaa chini na kalamu, jambo ambalo nilipaswa kulifanya kabla. Chukua pampu inayosukuma mita za ujazo 30 kwa saa na ukingo wa mita 10. Maji yakiwa yanavuka, kina chake juu ya ukingo ni kama milimita 6. Basi. Pungufu kidogo ya unene wa kalamu ya risasi uliyoishika. Ukingo ukipanda milimita 6 upande mmoja, upande huo unaweza usione maji kabisa. Ukipanda milimita 3, maji yanapita lakini yamekonda, na jicho la mtu, hata asiyejua ujenzi, litaona kuna kitu hakiko sawa. Unaweza kununua pampu kubwa zaidi ufiche kosa. Wapo wanaofanya hivyo, na mwenye nyumba ndiye analipa umeme wa kosa hilo miaka yote.

Kazi ya Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, niliipata miaka miwili baadaye. Mwenyewe ni mama wa Kiunguja aliyekaa Muscat miaka mingi, amerudi kujenga nyumba ya wageni ya vyumba vitano ufukweni. Sisi sote tulimwita Bi Mkubwa. Siku ya kwanza alinipa chai ya maziwa na kuniambia, "Mwanangu, miye sina haraka. Nimeona mabwawa ya haraka." Nikamwambia habari ya mjusi. Nilidhani atanifukuza. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya mtandio, kisha akasema nianze Jumatatu.

Mwanzoni yeye alitaka bwawa zima liwe la pembe nane, kama lile birika la jumba la kale la Husuni Kubwa kule Kilwa Kisiwani. Mimi nimesimama kwenye lile birika kwa miguu yangu. Ni la mwanzoni mwa karne ya 14, mawe ya matumbawe na chokaa, na pembe zake nane bado zinasomeka. Fundi aliyelijenga hakuwa na leza ya kupimia usawa. Lakini infiniti ya pembe nane ni kujitafutia balaa, kwa hiyo tulikubaliana bwawa kubwa liwe mstatili, na pembe nane ziende kwenye kibwawa cha watoto pembeni. Kila kona ya pembe nane ni nyuzi 135, kwa hiyo kigae cha kila upande kinakatwa nyuzi 67 na nusu. Nilitengeneza kiolezo cha plaiwudi kimoja tu, nikapiga marufuku kijana yeyote kukata kwa kukisia.

Mchoro wa kwanza ulisema mita 10 kwa 4. Kabla sijachimba, niliomba nione vigae. Alikuwa amechagua mozaiki ya kioo, vile vijigae vya milimita 20 vinavyokuja vimeshikanishwa kwenye shiti. Shiti moja lilikuwa sentimita 32.7 kila upande. Nikagawa. Mita 10 ni mashiti 30 na nusu na ushee. Maana yake mwisho wa kila mstari utakata shiti, na mahali fulani utabaki na vipande vyembamba kama wembe, vinavyokata vidole vya watoto na kubanduka vya kwanza. Mashiti 30 kamili ni mita 9.81. Mashiti 12 kwa upana ni mita 3.92.

"Bi Mkubwa, nakupunguzia sentimita 19 za bwawa."

"Kwa nini uniibie?"

Nilimpangia mashiti barazani, makavu, pande zote mbili: lililokatwa na lisilokatwa. Aliangalia muda mrefu, akachukua kipande chembamba akakipitisha kwenye ngozi ya kidole gumba. "Haya, iba."

Tukachimba. Ufukweni Jambiani unapita mchanga, kisha unakutana na jiwe la matumbawe, na maji tuliyakuta kwenye mita 1.3. Maji hayo hayatulii. Yanapanda na kushuka na bahari, yamechelewa kidogo tu. Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, kwa sababu wanafikiria bwawa kama chombo cha kuzuia maji yasitoke. Pwani, kabla halijawa bwawa, ni chombo cha kuelea. Nilipiga hesabu ya ganda letu: zege kama mita za ujazo 22, uzito kama tani 53. Maji ya chini yakipanda mita 1.2 kuzunguka ganda tupu, yanalisukuma juu kwa nguvu ya kama tani 54. Tayari una jahazi. Na sakafu peke yake, kabla kuta hazijasimama, ina unene wa sentimita 25, kwa hiyo shinikizo la sentimita 60 tu za maji chini yake, juu kukiwa kukavu, linatosha kuinyanyua.

Jioni nikamfuata mzee mmoja aliyekuwa anaziba ngalawa yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi wa bwawa? Bwawa la nini, na bahari hiyo hapo?"

Sikuwa na jibu. Nikamuuliza maji yatalala lini. Akahesabu mwezi mwandamo kwa vidole, akaniambia bamvua, yale maji makubwa, lilikuwa limetoka kupita, nisubiri mpaka mwezi uwe wa siku saba au nane, maji yatakuwa mafu. Bamvua upande ule bahari inapanda na kushuka takriban mita 4. Maji mafu ni nusu yake au pungufu. Tulimwaga sakafu mwezi ukiwa wa siku saba, pampu ya tope inavuta usiku kucha kwenye shimo dogo tuliloacha pembeni, na jenereta mbili, moja ikifanya kazi na nyingine imelala na tangi limejaa. Ile ya pili tuliiwasha saa tisa usiku. Ya kwanza ilikuwa imekunywa dizeli yenye maji.

Sakafu tuliitoa mdomo wa sentimita 30 nje ya kuta, ili kifusi kitakachorudishwa kiikalie na kuishikilia chini. Na katikati ya sakafu kuna vali inayojifungua yenyewe maji ya nje yakizidi ya ndani. Bi Mkubwa aliuliza kwa nini anunue tundu la kuingiza maji machafu bwawani. Nikamjibu kwamba ni nafuu bwawa linywe maji kidogo kuliko litoke ardhini.

Maji ya visima vya pale yana chumvi. Kijana mmoja alitaka kuyatumia kwa zege, akisema yakishachanganywa na simenti nani atajua. Nondo zitajua. Chumvi inazila kimyakimya, zinavimba kwa kutu, na baada ya miaka michache zege linapasuka kutoka ndani. Tulinunua maji baridi ya boza, ya kuchanganyia na hata ya kumwagilia magunia tuliyofunika zege siku saba mfululizo. Chini ya kila nondo tuliweka biskuti za zege, vijitofali vya kuzinyanyua, za milimita 50. Nilikuwa napita na kipande cha mbao cha milimita 50 nakipitisha kati ya nondo na fomu (mbao za kushikilia zege), kila mahali, na pale kilipokwama hatukumwaga. Vijana walinipachika jina kwa ajili ya kile kipande. Sitaliandika.

Kuta tulimwaga siku moja, bila kusimama, isipokuwa swala. Mabomba na vidaka vya taa nilivifunga mwenyewe, kwa sababu bwawa likivuja, mara nyingi linavuja pale kitu kilipopenya zege.

Sasa ukingo. Nilikuwa nimeuacha chini kwa makusudi, sentimita 3 pungufu, ubaki mbichi. Niliwaza sana habari ya leza, nikaazima moja, nikapima, nikaandika. Lakini ile leza yenyewe nani kaipima? Nikakumbuka kwamba nina leveli nzuri kuliko zote na nitainunua tu kwa hali yoyote: maji yenyewe. Bwawa lilipaswa kujazwa kupimwa uvujaji kabla ya vigae. Basi nikaagiza boza sita, kama lita 54,000, nikaziba upande wa nje wa ukingo kwa ubao na udongo wa mfinyanzi, maji yakapanda mpaka yakaufunika ukingo kama kidole kimoja.

Kwanza tulipima uvujaji. Ndoo imejazwa maji, imewekwa kwenye ngazi ndani ya bwawa, alama ndani ya ndoo na alama nje yake. Baada ya saa 24 ndoo ilikuwa imeshuka milimita 5 kwa jua na upepo, na bwawa milimita 5. Jua na upepo vinanyonya sawasawa. Kama bwawa lingeshuka zaidi ya ndoo, tofauti hiyo ingekuwa ni tundu.

Kisha skurubu. Nilichukua 20, nikakata vichwa, nikazinoa kwa faili zikawa na ncha kama sindano. Kila nusu mita nikatoboa ukingo, nikatia plagi, nikachoma skurubu ncha juu. Kusi inavuma pale mchana kutwa na maji hayatulii, kwa hiyo tulikwenda alfajiri, baada ya swala, bwawa limelala kama kioo. Unapiga magoti, unaishika skurubu kwa koleo, unaizungusha kidogo kidogo, unatazama kwa pembeni kuelekea kwenye mwanga. Ncha ikiwa bado chini, huoni kitu. Ikiufikia uso wa maji, uso unavimba nukta moja, na taswira ya mbingu inakatika pale. Ukizidisha robo ya mzunguko, maji yanapanda kuizunguka kama kisketi. Unarudisha. Unaacha pale ilipouvimbisha tu. Ya kwanza ilinichukua dakika kumi. Ya mwisho dakika moja. Jua lilipotoka baharini tulikuwa tumemaliza zote 20, na magoti yangu hayakunyooka mpaka adhuhuri.

Nikaiweka ile leza tena, kwa udadisi. Kati ya skurubu ya kwanza na ya mwisho ilinipa tofauti ya milimita 2. Niliamini skurubu.

Tulipunguza maji, tukajenga ukingo hadi kwenye ncha, rula ya alumini imekaa juu ya ncha mbili mbili, kigae kinapigwa taratibu mpaka kiguse rula. Gundi tuliipaka pande zote mbili, ukutani na mgongoni mwa shiti, maana nafasi tupu nyuma ya kioo inaonekana kama doa maji yakiingia. Kijana wangu mdogo ana sikio kuliko sote. Kazi yake ilikuwa kugonga kila shiti kwa mpini wa bisibisi, kama mtu anayechagua dafu. Kilichoitika kwa sauti ya utupu kilitoka siku hiyo hiyo. Aling'oa mashiti 17. Mengi nilikuwa nimeyabandika mimi.

Siku ya kuwasha pampu Bi Mkubwa hakukaa kwenye kiti. Alikuja na kikapu cha asumini alichochuma uani, akamwaga maua yote katikati ya bwawa, akasimama mikono nyuma. Maua yakatawanyika, yakaanza kwenda upande wa bahari. Yakavuka ukingo, kushoto, kulia, katikati, yakateremka na maji kwenye mfereji. Kijana akaanza kupiga makofi.

"Ngoja," Bi Mkubwa akasema.

Ua moja lilikuwa limesimama. Maji yanapita huku na huku, lenyewe limenasa. Nikainama. Shiti la 22, kwenye kiungo, punje ya grauti, ile saruji ya kujazia viungo, isiyofika hata milimita moja imekauka juu.

Nilirudi kesho yake asubuhi na faili.