Ninavyogawa kazi na kusimamia wahudumu wa vyumba hotelini

Katika idara ya usafi wa vyumba, ugomvi mwingi huanzia kwenye karatasi ya mgao. Msimamizi ana vyumba 48 na wahudumu wanne, anampa kila mmoja 12, anaona ametenda haki. Kumbe mmoja kaangukia vyumba vya wageni wanaoondoka tu, mwenzake kapata vile ambavyo wageni bado wapo. Saa tisa alasiri mmoja ameshabadilisha sare, mwingine bado anahangaika na foronya. Hali hiyo ikijirudia wiki nzima, watu wanaacha kusaidiana, na hakuna semina itakayowarudisha.

Mimi nagawa kwa dakika. Chumba cha mgeni anayeondoka nakihesabia 40: mashuka yote, bafu, vumbi, sakafu, kujaza sabuni na maji. Cha mgeni anayeendelea kukaa, 20. Kitanda cha ziada kinaongeza 10, chandarua kikubwa 5. Msizinakili namba hizi. Pimeni kwenu kwa saa, na mpimeni mhudumu wa kawaida, siyo yule mwepesi kuliko wote, maana mkimtumia huyo mtawaumiza wengine wote. Huku Arusha kuna la ziada: mgeni aliyerudi kutoka Serengeti au Ngorongoro anaingia na vumbi la njia nzima, na utalikuta kwenye taulo, kwenye zulia na kwenye sakafu ya bafu. Chumba hicho nakiongezea 10. Kati ya Juni na Oktoba, magari ya safari yanapoondoka alfajiri, vyumba vingi huachwa kwa mkupuo, kwa hiyo hesabu hii ndiyo inayookoa siku.

Zamu ya masaa manane ni dakika 480. Toa 30 za kikao na kupanga toroli, 60 za mapumziko, 20 za kurudisha vifaa na funguo. Zinabaki 370. Vyumba sita vya kuondoka na sita vya kukaa vinakula 360, vinatosha. Vyumba 12 vya kuondoka vinataka 480, yaani mtu hata akiruka chakula hamalizi bila kulipua kazi. Karatasi ya mgao naibandika ukutani pamoja na dakika za kila mmoja, wote waone. Ghorofa nazibadilisha kila mwezi, kwa sababu bahshishi hazilingani na kila mtu anajua ghorofa ipi inalipa. Kuzibadilisha kila siku sishauri: hakuna atakayekumbuka kwamba bomba la 207 linavuja.

Kikao cha asubuhi ni dakika kumi, watu wamesimama: wageni wangapi wanaingia, chumba kipi kina ombi maalumu, nini kimepungua stoo, na jambo moja la usalama. La usalama ninalolirudia kuliko yote ni kutochanganya jiki na dawa ya choo yenye asidi, kwa kuwa mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, na bafu nyingi hazina hewa ya kutosha. Chupa isiyo na lebo inaondolewa kwenye toroli palepale.

Kurekebisha mtu ndiko kunakowashinda mameneja wengi, hasa kijana anapowasimamia wanawake wa umri wa mama yake. Anachofanya ni kuufuta unywele kwenye sinki mwenyewe kimyakimya na kwenda kulalamika ofisini, au kuandika kwenye kundi la WhatsApp mbele ya watu ishirini. Njia zote mbili hazifundishi. Mimi naita mhusika arudi chumbani tukiwa wawili. Shikamoo kwanza, kama inamstahili. Kisha: “Mama, naomba tuangalie sinki pamoja.” Mwache aone mwenyewe, halafu uliza kilichotokea. Mara nyingi jibu litakupeleka kwingine: taa ya bafu imeungua, au kitambaa cha kukaushia kimekwisha tangu asubuhi. Akishatengeneza, nakagua tena na nasema wazi kimekaa sawa. Kosa lile lile likijirudia kwa watu watatu, tatizo ni la utaratibu au vifaa, na hilo linanihusu mimi.

Taulo ni mfano mzuri. Wahudumu wakianza kuzificha kwenye makabati ya korido, wengi hukimbilia kutoa onyo. Hesabu stoo kwanza. Kila kitanda kinahitaji seti tatu za mashuka na taulo: moja kitandani, moja dobi, moja rafuni. Zikiwa mbili, dobi akichelewa nusu siku, anayeficha ndiye pekee anayemaliza kazi.

Rosta inatoka wiki moja kabla. Kubadilishana zamu ni ruksa, ila wote wawili watie sahihi kwenye daftari. Na meneja ajue sheria kabla ya kuomba “msaada kidogo” wa jioni: kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, mapumziko ya dakika 60 kwa anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo, na saa za ziada zisizozidi 50 katika wiki nne, zikilipwa mara moja na nusu. Asiyelipwa za ziada leo, kesho ataumwa kichwa ghafla siku hoteli imejaa.

Kila mwezi nakaa na kila mmoja robo saa, swali moja: nini kinakuchelewesha? Naandika, na ndani ya wiki natoa jibu, hata kama jibu ni hapana kwa sababu bajeti haipo.

Jumamosi mgao anaupanga mhudumu mmoja, kwa zamu, mimi nikiwa pembeni. Wa kwanza kupewa awe yule anayelalamika zaidi kuhusu mgao, kwani ndiye anayeyajua makosa yake yote.