Ngoma za pwani hupashwa moto kwanza: siku yangu moja Bagamoyo

Saa 11 na nusu alfajiri

Adhana ndiyo saa yetu ya kengele. Chumbani tuko wanne: mmoja wa Pemba, mmoja wa Newala, mmoja wa Bukoba, na mimi niliyezaliwa na kukulia Morogoro mjini, mtoto wa Wagogo asiyejua Kigogo. Anayewahi kuamka ndiye anayekuta maji bafuni, kwa hiyo hakuna salamu ndefu. Navaa suruali ya mazoezi, nachukua khanga, nafunga nywele, natoka.

Nasoma sanaa za maonyesho, mwaka wa pili, katika Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Siku hizi inaitwa TaSUBa, lakini wazee wa mjini bado wanasema Chuo cha Sanaa, jina lililokuwapo tangu 1981 hadi 2007. Nikimwambia mtu ninachosoma, swali ni lilelile: "Ngoma nayo inasomewa?" Nimelijibu kwenye daladala, msibani, hata kanisani. Leo nimeamua kuandika siku nzima, kila mtu ajionee.

Saa 12

Mazoezi ya viungo ufukweni. Maji yakiwa yamekupwa tunakimbia kwenye mchanga mgumu, yakiwa yamejaa tunabanana juu kwenye mchanga laini, na huo ndio unaokula miguu. Wavuvi wanarudi na ngalawa zao na hawatushangai tena. Nusu saa kukimbia, nusu saa kunyoosha mwili: nyonga, magoti, vifundo vya miguu. Mwaka wa kwanza nilikuwa nakwepa kunyoosha, goti likavimba, nikakaa wiki mbili pembeni nikiwatazama wenzangu wakicheza. Tangu hapo sikwepi.

Chai ya rangi na vitumbua viwili kwa mama ntilie. Mbio.

Saa 1 na nusu

Hapa ndipo ninapopapenda kuliko sehemu nyingine yoyote ya siku, ingawa si somo na wala halina alama.

Ngoma za pwani asubuhi huwa zimelegea. Usiku kucha ngozi inakunywa unyevu wa bahari, na ukiipiga inatoa sauti ya gunia la mahindi. Kwa hiyo wa zamu tunakoka moto wa makuti makavu na vifuu, mbali kabisa na majengo. Ukumbi wa zamani uliezekwa kwa makuti na uliteketea mwaka 2002, hatuhitaji kukumbushwa. Unashika ngoma kwa mikono miwili, uso wa ngozi unaelekea moto, na unaizungusha taratibu bila kusimama. Kila baada ya muda unaitoa, unaigonga kwa kidole kimoja katikati, halafu pembeni. Mwanzo inajibu *bwe*. Unairudisha. Inajibu *bwo*. Unairudisha tena. Halafu ghafla, kama mtu aliyezinduka usingizini, inajibu *ti!* na unaisikia mpaka kwenye meno. Hapo unaitoa haraka. Ukichelewa kidogo tu, ngozi inachanika.

Najua kwa sababu nimeshaichana moja. Nilikuwa napiga soga huku nimeshika chapuo, ngoma ndogo, karibu mno na moto. Mlio wake sijausahau. Mwalimu hakunigombeza, alinikalisha na fundi siku mbili nikajifunza kuwamba ngozi mpya: kuiloweka, kuivuta, kuipigilia, kuiacha kivulini ikauke yenyewe. Tangu siku hiyo ngoma kwangu si chombo cha kupiga tu. Naijua inavyoumia.

Saa 2 hadi saa 4 na nusu

Sindimba. Ni ngoma ya Wamakonde, na baada ya uhuru ilisambaa nchi nzima, mashuleni na kwenye mapokezi ya wageni wa serikali, mpaka watu wengi wakaifahamu kama viuno tu. Ukifundishwa na anayeijua unagundua kwamba kiuno ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni utulivu wa kila kitu kingine. Magoti yamekunjwa, mgongo umeinama kidogo, mabega yametulia kama ya mtu aliyebeba ndoo iliyojaa kichwani. Kiuno kinakwenda peke yake, na uso hauna habari.

Mwalimu wetu anakataza kuhesabu. Ukimsikia mwanafunzi ananong'ona "moja, mbili, tatu, nne," ujue ngoma itasimamishwa. Anasema anayehesabu anazisikia namba zake, hamsikii mpigaji. Kubadilisha mtindo kunatoka kwa ngoma kuu: inakata, inapiga mkato mfupi, na wachezaji wote wanahama kwa pamoja. Hakuna anayepiga kelele wala anayenyoosha mkono. Leo mkato ulikuja mapema kuliko tulivyozoea, mstari wa mbele wakahama, mimi nikabaki na mtindo wa zamani peke yangu kwa mapigo mawili mazima. Mapigo mawili ni marefu mno ukiwa umekosea mbele za watu.

Mwenzangu wa Newala yeye anahama kabla sijajua kwamba kuna cha kuhamia. Nilimuuliza anafanyaje. Akafikiri, akasema, "Kwetu unaisikia ukiwa mgongoni kwa mama." Jibu hilo limenikaa kichwani wiki nzima, kwa sababu mimi mgongoni kwa mama nilikuwa nasikia redio.

Saa 5

Sauti na uigizaji. Tunapangwa mistari miwili, tumepeana migongo, bahari upande mmoja. Kazi ni kusema sentensi moja ya kawaida ("Mama, mgeni amefika") ikamfikie mtu aliye mita 30 bila kupiga kelele. Upepo wa bahari unameza irabu za mwisho, na Kiswahili bila irabu za mwisho kinageuka lugha nyingine. Pumzi inatoka chini, kwenye tumbo, siyo kooni. Waliozoea kuigiza kwa ajili ya kamera ndio wanaohangaika zaidi, kwani kamera humfuata mtu hadi mdomoni. Jukwaani anayetakiwa kufikiwa ni mama aliyekaa safu ya mwisho na mtoto analia pembeni yake, naye amelipa kiingilio kama wengine.

Saa 7

Ugali, dagaa, mchicha. Dakika 20 za kulala chini ya mwembe.

Saa 8

Darasani, madaftari, historia. Katika miaka ya 1960 serikali ilianzisha kikundi cha taifa cha ngoma, baadaye vikaja vya sarakasi na maigizo. Vilipovunjwa, chuo hiki kikazaliwa, na baadhi ya wasanii wa vikundi hivyo ndio waliokuja kufundisha hapa. Mmoja wao ni Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, aliyeitwa Dar es Salaam na Mwalimu Nyerere, akafundisha Bagamoyo na kufariki dunia mwishoni mwa 2003. Ilimba, ala ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, na zeze la nyuzi, vya kwetu, vilifika Ulaya na Marekani mikononi mwake. Mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah walitoa albamu yao wenyewe, wanawake wakiwa mbele.

Nikiwa naandika hayo nilikuwa nafikiria kazi yangu ya muhula. Kila mmoja wetu anatakiwa kuleta ngoma ya kwao, kuifanyia utafiti, kuwafundisha wenzake sita, kisha kuionyesha jukwaani kwa dakika nane. Nimechagua muheme. Ni ngoma ya wanawake wa Kigogo: unasimama, unabana katikati ya mapaja ngoma yenye kiuno chembamba, unaipiga kwa viganja huku unaimba. Mapaja yanawaka moto baada ya dakika kumi. Mapigo niliyajifunza hapahapa chuoni. Nyimbo sina.

Saa 9 na nusu

Nampigia bibi, Mvumi, huko Dodoma. Simu ni ya shangazi, na shangazi anakaa karibu kwa sababu Kigogo changu ni cha kuokoteza.

"Mbukwenyi, bibi."

Anacheka kwanza. Kisha anaitikia, ananiuliza nakula nini huku kwenye samaki, baba yako hajambo, umeshaota jua mpaka umekuwa mweusi. Namweleza kazi yangu. Kimya. Nikadhani simu imekata.

"Mna mwali?" akauliza.

Nikasema hapana bibi, ni mtihani tu, tutacheza jukwaani.

"Na wanaume watakuwepo?"

Nikasema watakuwepo, hata kwenye kundi langu wawili ni wavulana.

Akaongea na shangazi kwa muda mrefu. Shangazi akanifafanulia: muheme unapigwa wakati wa kuwacheza wasichana unyagoni, na nyimbo za ndani ya unyago haziimbwi kwenye simu wala mbele ya wavulana. Ila zipo za nje, za furaha, kila mtu anaziimba mavuno yakiwa mazuri au mgeni akifika. Bibi atanipa moja ya hizo. "Zile nyingine utakuja kuzichukua mwenyewe," shangazi akasema, kisha akapunguza sauti, "na amefurahi umeuliza."

Halafu bibi akaimba. Kwanza taratibu, sauti imekauka kidogo, shangazi anaitikia. Beti ya pili akachukua dumu tupu la mafuta na kuanza kupiga. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za ukumbi, simu nimeibana sikioni, na nikasikia kitu ambacho mwalimu hakuwa amenifundisha: pigo la kwanza halikai pale ninapoliweka mimi. Linatangulia. Wimbo unalifuata kwa nyuma, kama mtoto anayemfuata mama yake sokoni. Miezi mitatu nimekuwa nikiupiga muheme kwa usahihi mtupu, na bado nilikuwa nimeukosea.

Nikamwomba arudie, safari hii narekodi. Akarudia mara tatu. Mara ya mwisho alikohoa katikati na kuendelea palepale alipoishia, hakukosa hata pigo moja.

Saa 10 na nusu

Mazoezi na kundi langu. Mmoja wao alikuwa amepata mtandaoni video ya wimbo wa muheme, mkali kweli, sauti zimepandana nne au tano, akataka tuutumie huo. Bila video hiyo maonyesho yetu yatakuwa mepesi, alisema, na hakukosea. Nikawaeleza alichosema bibi. Sijui wimbo ule ni wa nje au wa ndani, na mpaka nijue hatuuimbi.

Tulibishana. Walisema jukwaa lina sheria zake: kijijini ngoma inakwenda usiku kucha, watu wako kwenye duara, nasi tumeshaikata ikawa dakika nane na kuielekeza kwa watazamaji, basi tumeshaibadilisha. Hoja ina uzito, na naamini kubadilisha si kosa. Nitaikata, nitaigeuza, nitawaweka wavulana kwenye kuitikia. Lakini kuchukua kitu ambacho mwenyewe ameniambia waziwazi nikifuate, hapo sivuki. Mwenzangu wa Newala, aliyekuwa kimya muda wote, akasema hata kwao kuna vitu vya jando ambavyo hataleta hapa kamwe. Mjadala ukaishia hapo.

Tukasikiliza bibi. Mara ya kwanza hakuna aliyelipata lile pigo. Mara ya tano wawili wakalipata, wakalipoteza, wakalipata tena. Jua lilipozama tulikuwa tumeshika beti moja tu. Mapaja yangu yalikuwa yanatetemeka kiasi kwamba nilishindwa kushuka ngazi.

Saa 1 usiku

Wali maharage. Kufua nguo za mazoezi, la sivyo kesho hakuna anayenisogelea.

Saa 2

Ukumbini, tunawasaidia wa mwaka wa tatu na taa. Kazi yangu leo ni kusimama jukwaani bila kusogea ili fundi aielekeze taa usoni. Dakika 40. Ukikaa gizani huku taa moja inakutafuta, unajifunza kupumua kwa namna nyingine.

Saa 4 usiku

Chumbani. Nimeweka rekodi ya bibi kwa sauti ndogo na ninapiga kwa vidole kwenye ukingo wa ndoo. Nakosa. Narudisha nyuma hadi pale anapokohoa, kwa sababu baada ya kikohozi pigo linasikika wazi kuliko sehemu nyingine. Nakosa tena. Mwenzangu wa Pemba ameketi kitandani anasuka nywele, kisha, bila kuniangalia, akaanza kupiga goti lake. Alilipata mara moja, akaniwekea pigo la chini kwa kiganja, nami nikapanda juu yake na mfuniko wa ndoo.

Wa Bukoba ana mtihani wa nadharia kesho asubuhi, ametuomba kwa upole tumwachie chumba. Tumehamia nje kwenye ngazi, na ndoo yetu.