Siku moja kwenye dirisha la udahili, Mwanza

Saa 11 alfajiri naamka Igoma, na saa 1 na nusu nimeshafungua ofisi. Watu wengi wanadhani ofisa udahili kazi yake ni kugonga mihuri. Msimu huu, matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, mihuri ndiyo ninayoigusa kwa nadra kuliko vyote.

Saa 2 hadi saa 4 ni simu, foleni na waliosahau nywila.

Saa 4 na robo akaingia mzee mmoja kutoka Ukerewe na binti yake. Walivuka na kivuko jana, wakalala kwa ndugu Kirumba. Vyeti vya binti vilikuwa vimeviringishwa ndani ya khanga, mafundo matatu, ili maji yasivifikie. Nikasema shikamoo baba, akaitikia, kisha bila kukaa akaniuliza: "Hiki ndicho chuo? Mbona kidogo kama sekondari?"

Nikavumilia. Akaendelea. Kijana wa stendi amemwambia chuo kidogo hakipewi mikopo, digrii yake haitambuliki, na kwa kiasi fulani cha pesa angempatia binti nafasi Dar es Salaam. Hapo damu ikanichemka, maana vishoka hawa nawasikia kila msimu. Tangu 2017 mwombaji anaomba moja kwa moja chuoni, hakuna wa katikati. Akichaguliwa zaidi ya chuo kimoja, anathibitisha kimoja kwa namba ya siri anayotumiwa kwenye simu yake mwenyewe.

Nikafungua khanga. HGL: Historia D, Jiografia C, Kiingereza E. Nikampigia hesabu kwenye karatasi, nikiandika kubwa kwa kuwa miwani aliiacha Nansio. C ni pointi 3, D ni 2, jumla 5. Kiwango cha chini cha TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, ni principal pasi mbili (ufaulu wa A hadi E) zenye pointi 4. "Baba, mwanao amefaulu." Akaishika ile karatasi, akairudisha, akaniambia niandike tena.

Nikaandika tena. Kisha nikamweleza kuhusu mkopo: Bodi ya Mikopo inaangalia uhitaji na vielelezo, na chuo chenye ithibati ya TCU ni chuo, kiwe na majengo mawili au mia. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe mapema RITA, wakala wanaosajili vizazi na vifo, na majina yafanane na ya cheti cha kidato cha nne. La binti lilikuwa na "z" huku na "s" kule. Bora tumeliona leo, bado muda upo wa kulirekebisha.

Sikumficha upungufu wetu. Hosteli haziwatoshi wote, wengine wanapanga vyumba mtaani. Kozi ni chache, maabara moja tunagawana kwa zamu. Ila darasa la ualimu alilotaka lina watu arobaini, na mhadhiri akikukosa siku mbili anauliza uko wapi. Mimi mwenyewe nilisoma chuo kikubwa, na mwaka wa kwanza wote hakuna mhadhiri aliyelijua jina langu. Kwa mtoto anayetoka kisiwani kwa mara ya kwanza, hilo la kujulikana nalipima sana.

Binti alikuwa kimya muda wote. Nikamgeuzia kompyuta, nikamwambia baba akae. Akaanza kuingiza namba yake ya mtihani wa kidato cha nne kwa kidole kimoja, taratibu, akiihakiki kila tarakimu. Alipofika kwenye kuchagua kozi, mtandao ukakata. Tukasubiri. Ukarudi, ukakata tena. Foleni nyuma ikaanza kunung'unika, chai yangu ikapoa, sijui hata saa ngapi adhana ya mchana ilipita. Mzee akasinzia kwenye benchi, khanga mapajani.

Fomu ilipokubali, binti alisema neno lake la kwanza: "Madam, naweza kuisoma tena kabla sijatuma?" Nikamwambia aisome hata mara tano.

Mchana ule uliobaki siukumbuki vizuri. Walipita wengi, miguu imevimba, sauti imekauka. Daladala ya kurudi nilisimama mpaka Mabatini.

Saa 2 usiku simu ikaita. Ni mzee, anauliza godoro chuo kinatoa au wanakuja nalo.

"Mje nalo, baba. La futi mbili na nusu, vitanda vyetu havipokei zaidi."