Jumatano Mchana

Katika Msitu Mweusi, kusini-magharibi mwa Ujerumani, kuna kituo cha utafiti wa hisabati kiitwacho Oberwolfach, kilichoanzishwa mwaka 1944, ambako wanahisabati wapatao 50 hualikwa kukaa wiki nzima wakila, wakilala na kufanya kazi pamoja. Mihadhara ipo, lakini haijazi wiki nzima. Jumatano mchana huachwa wazi kwa makusudi, na washiriki hutembea msituni hadi St. Roman kula keki, wakizungumza njia nzima. Hata mezani mtu hachagui pa kukaa: majina huchanganywa upya, na mwanafunzi wa uzamivu anaweza kujikuta ubavuni mwa mtu ambaye amekuwa akisoma makala zake kwa miaka mitatu.

Nimekuwa nikiiwazia Jumatano hiyo tangu niliporudi kutoka mkutano mmoja wa hapa kwetu Afrika Mashariki. Asubuhi ya kwanza tulimsubiri mgeni rasmi kwa saa mbili, na hotuba zilipokwisha, waliopangiwa dakika 20 wakapunguziwa hadi 10. Kijana mmoja wa aljebra alikuwa na slaidi 31. Alizikimbiza, na alipofikia hoja inayobeba uthibitisho wake wote, mwenyekiti wa kikao akainua karatasi nyekundu. Hakuulizwa hata swali moja.

Wakati wa chai nilimkuta amesimama peke yake.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba. Lile sharti lako la pili, kwamba kundi liwe na idadi ya vipengele yenye kikomo, unalihitaji kweli?”

Tuliingia darasa tupu la jirani. Aliandika mistari minne ubaoni, akanyamaza, kisha akaufuta wa tatu kwa kiganja. Kosa ambalo slaidi ingelipitisha haraka, chaki hulingoja, kwa kuwa mkono hauwezi kuandika upesi kuliko mwenyewe anavyofikiri. Baada ya nusu saa tuliona kwamba sharti linahitajika, ila mahali pamoja tu, na mahali hapo pametupa swali ambalo sasa tunalishughulikia wote wawili.

Najua ratiba hujazwa kwa nini. Mara nyingi chuo hakimlipii mtu nauli wala posho kama hana mada ya kuwasilisha, hivyo waandaaji, kwa huruma, humpa kila mtu nafasi, na mwishowe hakuna anayesikilizwa. Afadhali wengi wetu tuwasilishe kwa bango, na vyuo vikubali kuhesabu bango kuwa mada kamili, kisha wachache wapewe saa nzima na ubao.

Mwaka ujao nimo katika kamati ya maandalizi. Nitaomba ubao uwekwe mahali pa kunywea chai, chaki za kutosha, na Jumatano mchana isiyo na jina la mtu yeyote kwenye ratiba.