Siku mshipa wa mguu wa mama ulipopasuka

Mama alikuwa mama lishe miaka mingi pale Tabata, kutwa kasimama kwenye jiko, na mishipa ya miguu ilikuwa imemtokeza mikunjo mikunjo toka nyuma ya goti mpaka chini. Karibu na kifundo, upande wa ndani, ngozi ilishakuwa nyeusi na inamuwasha, anaikuna tu.

Sasa jioni moja yuko bafuni nasikia ananiita, nafika nakuta damu inaruka nyembamba kama uzi inapiga mpaka kwenye ndoo, na yeye hasikii maumivu hata kidogo, hilo ndo lilinitisha zaidi. Majirani wakajaa, huyu kamkalisha kwenye kigoda, yule anafunga kanga juu ya goti anakaza, damu ndo kwanza inazidi. Bahati jirani yetu nesi akaingia, akasema fungueni hiyo! Mama lala chini. Akamlaza palepale sakafuni, mimi akanipa mguu niuinue juu kuliko kifua, yeye akakunja kitambaa safi akakandamiza panapotoka bila kuachia, na haikuchukua muda damu ikakata. Jamani nyumba yenye mtu wa mishipa hii wote mlijue hili, maana damu ile inaweza kuua mtu kakaa kwenye kiti.

Hospitali wakampima kwa ultrasaundi. Mama akauliza, "Dokta, sijakanyaga kitu kweli?" maana mtaani walishamwambia ni mambo ya watu. Daktari akamjibu kwa upole, hapana mama, ndani ya mishipa kuna vali ndogo zinazozuia damu isirudi chini ikiwa inapanda kwenda kwenye moyo, zikilegea damu inajaa, mshipa unatanuka, na kusimama sana, mimba, umri na kurithi vyote vinachangia. Bibi naye alikuwa nayo miguu hiyohiyo.

Akapimwa kwanza kama damu inafika vizuri mguuni, ndo akapewa soksi za kubana, avae asubuhi kabla hajashuka kitandani, akipumzika ainue miguu, na akapangiwa tarehe ya kuja kuuziba ule mshipa mbovu. Mama akili yote iko kwenye biashara, "Sasa dokta, ugali nitausonga nimekaa?"

"Songa umesimama mama, ukiepua tu usigande hapo, zunguka zunguka, shavu la mguu ndo linasukuma damu juu."