Bendera ya Mfaransa bandarini Sur

Tulipatana riyali 20 kutoka Muscat hadi Sur. Tulipofika, dereva akasema 30. Riyali moja ni zaidi ya shilingi elfu sita za kwetu, na mimi sikwenda Oman na gunia la pesa. Nilibishana naye juani mpaka koo likanikauka, nikampa 25, nikashuka nimenuna.

Siku nne za Muscat zilikuwa za kula kwa shangazi na kulala, siziandiki. Sur ndiyo iliyonitoa Tanga. Babu yangu alikuwa akituhadithia Wasuri waliokuja na kaskazi, wakishusha tende na papa mkavu, wakangoja kusi warudi kwao na boriti za mikoko. Nilikua nikiamini jahazi la Msuri halikubeba kingine.

Jahazi la Fatah al-Khair nililiona kabla sijapata hata maji ya kunywa. Ni ghanja, aina ya jahazi kubwa, iliyoundwa hapo hapo Sur mwaka 1951, ikauzwa, kisha wenyeji wakainunua tena Yemen mwaka 1993 na kuirudisha. Sasa imekaa nchi kavu karibu na hori. Nilisimama nyuma ya tezi lake lililonakshiwa, nikatazama mlingotini na kujiuliza mababu wa mafundi wa hapa walipandisha bendera gani.

Nauliza hivyo kwa sababu majahazi mengi ya Sur yalisafiri chini ya bendera ya Ufaransa. Mwaka 1845 Uingereza ilimfanya Seyyid Said, mtawala wa Muscat na Zanzibar, atie saini ya kutopeleka tena watumwa Arabuni kutoka himaya yake ya Afrika, na manowari za Kiingereza zikawa zikisimamisha majahazi na kupekua ngama, chini kunakowekwa mizigo. Ufaransa haikukubali kabisa chombo chenye bendera yake kipekuliwe na Mwingereza. Wenye majahazi wa Sur wakauona upenyo. Wakachukua hati kwa makonsuli wa Kifaransa na katika makoloni yao, wakatweka rangi tatu, na Mwingereza akabaki kuwatazama wakipita. Si kila jahazi lilibeba watu, na sitaki kuwasingizia wazee wa watu. Lakini yaliyobeba yalikuwa na pa kujificha.

Mvutano wenyewe ulikuwa wa wakubwa wawili kugombea Muscat. Mwaka 1862 walikuwa wameahidiana kuheshimu uhuru wa Muscat na wa Zanzibar. Mwaka 1898 Sultani Faisal bin Turki akawakubalia Wafaransa kituo cha makaa ya mawe Bandar Jissah, karibu na Muscat. Februari 1899 Waingereza wakaleta manowari, wakamtishia mizinga, naye akatengua neno lake. Kesi ya bendera ikaishia Den Haag, mbele ya waamuzi watatu: Mmarekani, Mholanzi na Muaustria. Tarehe 8 Agosti 1905 wakaamua kwamba kuanzia 2 Januari 1892 Ufaransa haikuwa tena na haki ya kuwaruhusu raia wa Sultani kupeperusha bendera yake, isipokuwa wale waliokuwa chini ya ulinzi wake kabla ya 1863. Swali lililowekwa mezani lilikuwa nani mwenye haki ya kutoa bendera. Waliolala ngamani, juu ya mizigo, hawakuwa na wakili. Hilo linaniuma, na linaniuma zaidi kwamba nimelijua utu uzima, mimi niliyezaliwa pwani hiyo hiyo walikopakiliwa.

Kwenye karakana ya majahazi nilikuta mlinzi ambaye mama yake kazaliwa Pemba. Kiswahili chake kitamu kuliko changu. Kivulini mwa jahazi lisilokwisha, mbavu za msaji zikiwa bado wazi, alikaa mzee mweusi na kombe la kahawa. Mlinzi akamwambia kwa Kiarabu kuwa natoka Tanganyika. Mzee akaweka kombe chini, akanishika mkono, hakuuachia.

"Anakuuliza, ndugu yangu," mlinzi akasema, "*mesi* ni nini? Bibi yake mzaa mama alikuwa akilisema akiugua. Alishasahau lugha yote, hilo likabaki."

Nikamwambia, "Ami, hilo si Kiswahili." Nikajaribu: labda meza? Labda mwezi? Mzee akatikisa kichwa kila mara, akalirudia polepole, midomo ikiguna kwenye *m*, kana kwamba mimi ndiye nisiyesikia vizuri. Lilikuwa neno la bara, na mimi ya bara siyajui. Kwetu Tanga tuliwaita watu wa huko kwa majina ya dharau. Mafundi wakaendelea kugonga misumari. Tulikaa hivyo hadi adhana ya alasiri, ndipo akauachia mkono wangu, akainuka.

Usiku, nikiwa nimesharudi Muscat (riyali 25 nyingine), nilimwandikia mwenzangu wa kazini, mtu wa Tunduru. Alijibu kabla sijalala: "Kwetu Wayao, mesi ni maji. Nani anaumwa?"

Mzee sikumwomba jina wala namba ya simu. Nimemwachia ujumbe binamu yangu, mtoto wa shangazi: akienda Sur, apite karakanani, amuulize mlinzi yule mwana wa Mpemba, amtafute mzee, amwambie bibi yake alikuwa akiomba maji. Jana nilimpigia. Bado hajaenda.