Siku ya ukurasa wa 14

Saa 11 alfajiri

Naamka na adhana. Saa hizi Temeke bado imetulia, bodaboda hazijaanza kupiga honi, na kifundo cha mkono wangu wa kulia hakijaanza kuuma. Mezani kuna karatasi ya A3, penseli, rula ya chuma na kichupa cha wino mweusi. Umeme upo. Naanza.

Leo ni ukurasa wa 14 wa kitabu changu mwenyewe, hadithi ya picha kuhusu wakulima wa mwani wa Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, nyumbani kwa shangazi yangu. Kilimo cha mwani wa biashara kilianza kule mwishoni mwa miaka ya 1980, na walioubeba kwa mgongo na mikono ni wanawake. Kitabu nakichora alfajiri na usiku, maana mchana ni wa wateja.

Kabla ya kugusa penseli, naandika maneno. Hili nimelijua kwa kuharibu karatasi nyingi. Kiswahili kinataka nafasi. Mhusika wangu, Bi Mosi, anasema "Nimekwishakuambia": neno moja, herufi 17. Ukichora uso kwanza halafu ndiyo utafute pa kuweka kiputo cha maneno, kiputo kitakula paji la uso. Kwa hiyo naanza na maneno, nayazungushia viputo, kisha natazama watu wangu watasimama wapi kwenye nafasi iliyobaki. Silabi zetu nyingi zinaishia na irabu, basi neno refu hukatika vizuri mwisho wa mstari. Ila lazima ulikate panapostahili. Ukiacha "nimekwi" juu na "shakuambia" chini, mtoto anarudia mara mbili na hadithi imeshamponyoka.

Saa 1 asubuhi

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umelala kweli wewe?"

"Nimelala. Naomba uniazime mikono."

Amezoea. Anakaa kwenye kigoda mlangoni penye mwanga, nampa kipande cha kamba ya manila na tawi la mchongoma badala ya mwani, afunge kama wanavyoufunga wakulima kwenye kamba. Mama aliuza mchicha soko la Tandika miaka mingi, na kufunga ni kazi ya vidole vyake. Anafunga mara moja, haraka, sioni kitu. Namwomba arudie polepole. Mara ya tatu ndipo naona kosa langu la wiki tatu: nilikuwa nachora kidole gumba kinavuta kamba. Hakivuti. Kinakandamiza fundo tu, kucha inageuka nyeupe kwa nguvu, na anayevuta ni kidole cha kati kilichojikunja kama ndoano. Nachora ile kucha, kisha nachora ile ndoano. Bi Mosi wangu sasa anafunga mwani kweli. Kabla ya hapo alikuwa ameshika kamba tu.

Watu huniambia lazima uso ndio mgumu. Ugumu wa uso ni wa namna nyingine: inabidi uwe ule ule. Ukurasa mmoja una visanduku sita, na Bi Mosi yumo kwenye vitano. Kwa mbele, kwa ubavu, akiinama, akicheka, ushungi ukiwa umelowa na kushikamana na shavu. Pua ikiongezeka kidogo tu, msomaji ataona mtu mwingine. Ukutani nimebandika karatasi yenye nyuso zake kumi na mbili, na kila ninapoanza kisanduku kipya naitazama kwanza.

Saa 3 asubuhi

Simu ya mteja. Ni mabango ya usafi wa maji, kazi nzuri, na wanalipa kwa wakati. Kijana wa upande wa pili ana heshima.

"Dada, pale chini tunahitaji nafasi ya nembo za wafadhili. Tunaweza kuitoa hiyo saini yako?"

Namwambia hapana, kwa upole, na namkumbusha kifungu cha mkataba kinachosema jina la mchoraji libaki. Anakaa kimya kidogo, kisha anasema atawauliza wakubwa.

Kifungu hicho kina chanzo chake. Miaka miwili nyuma nilichora kijitabu cha afya ya mama na mtoto, kurasa nane, kwa mteja ambaye simtaji. Nilikuja kukiona kwenye benchi la zahanati nikiwa nimempeleka mama kupima presha. Nilifurahi, nikakifungua. Kwenye kila ukurasa, pembeni chini kulia, palikuwa na kiraka. Mtu alikaa kwenye kompyuta akafuta saini yangu mara nane na kupaka rangi ya ukuta juu yake, na hakuilinganisha hata rangi: ukuta wangu ulikuwa wa bluu ya chokaa, kiraka kilikuwa cha kijivu. Mama alikuwa kando yangu. Akauliza, "Si ulisema ulichora wewe?"

Tangu siku ile, kwenye kazi za wateja naweka jina ndani ya mchoro wenyewe. Kwenye ubavu wa ngalawa, kwenye kibao cha duka, kwenye mgongo wa daftari la mtoto. Atakayetaka kulitoa itabidi avunje ngalawa.

Saa 5 asubuhi

Saa nzuri ya wino. Mwanga unaingia moja kwa moja, na brashi haidanganyi.

Kisanduku cha nne kinanikwamisha. Bi Mosi anatupa chini kiroba cha mwani mbichi, amechoka, na nataka sauti. Lugha yetu imejaliwa hazina ya tanakali, na huwa naumia nikiona vibonzo vya vijana wetu vikilia kwa milio ya kuazima. Kitu kikianguka majini ni chubwi. Mchangani ni tifu. Matopeni ni tapwi. Msomaji akiliona neno peke yake, hata miguu ya mtu haijachorwa, anajua chini pana nini. Sasa, Paje maji yakitoka wakati wa bamvua, chini pana nini hasa?

Nampigia shangazi.

"Shangazi, kiroba kikiangushwa pale shambani, maji yametoka, kinalia vipi?"

Anacheka, halafu ananyamaza, nasikia anafikiri kweli. "Inategemea umesimama wapi mwanangu. Shambani kwenyewe maji hayeshi, yanabaki kwenye kifundo cha mguu. Hapo ni chubwi, lakini chubwi ndogo. Ukishafika pwani kwenye mchanga mkavu ndio tifu. Na mwani mbichi mzito, usiufanye ukaanguka kama pamba."

Kwa hiyo chubwi, ndogo, herufi zikiwa nzito na zimelala chini karibu na maji. Nazichora kwa brashi nene, nikiacha weupe kidogo katikati ya kila herufi kama mwanga juu ya maji. Nimetumia dakika 40 kwa herufi sita. Msomaji atazipita kwa nusu sekunde, na nusu sekunde hiyo naitaka iwe ya Paje.

Kugumu kuliko herufi ni kuchora pwani ile. Maji yakitoka, kunabaki upeo mmoja mrefu, vijiti vya shamba na watu walioinama. Hakuna mti, hakuna nyumba, hakuna cha kukushikia jicho. Nimeamua kuuacha upeo ukate kurasa zote mbili bila kukatika, visanduku vikae juu yake kama nguo kwenye kamba.

Saa 8 mchana

Umeme umekatika. Skana haifanyi kazi, basi bango la mteja litasubiri. Wali, maharage, mchicha. Nalaza mkono juu ya mto nusu saa.

Saa 9 na nusu alasiri

Kila Jumatano nafundisha kuchora kwenye shule moja ya sekondari isiyo mbali. Leo wamekuja kumi na mmoja, saba wasichana. Nawaambia wataje wachora vibonzo wanaowajua. Majina yanakuja haraka: Masoud Kipanya, Gado, James Gayo wa Kingo. Mmoja ambaye babu yake alikuwa anasoma gazeti la Uhuru anamtaja mchoraji wa Chakubanga. Wote mabingwa, na mimi nimejifunza kutazama kwa kazi zao. Nauliza: mwanamke je? Darasa linatulia jii.

Nawasimulia Jackie Ormes. Mwaka 1937, katika Pittsburgh Courier, gazeti la Wamarekani weusi, alianza kumchora Torchy Brown, binti anayetoka Mississippi kwenda Harlem kutafuta maisha jukwaani. Baadaye, kuanzia 1945 hadi 1956, akamchora Patty-Jo, mtoto wa kike mweusi mwenye ulimi mkali aliyesema waziwazi mambo ya ubaguzi na siasa, na mwaka 1947 Patty-Jo akatengenezwa kuwa mwanasesere, mweusi, mrembo, mwenye nguo nzuri. FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, walimfungulia Ormes jalada. Ugonjwa wa viungo ndio uliokuja kuuzuia mkono wake, na hapo nilijikuta nashika kifundo changu mbele ya wanafunzi. Alifariki 1985. Jina lake liliingizwa kwenye orodha ya heshima ya tuzo za Eisner, tuzo za vibonzo za Marekani, mwaka 2018, zaidi ya miaka 32 baada ya kifo chake.

Halafu nawasimulia Dalia Messick, aliyeona kazi zake zinakataliwa kwa kuwa ni za mwanamke, akaanza kujiandika Dale, jina ambalo laweza kuwa la mwanamume. Hata hivyo mchapishaji hakumtaka. Aliyeiokoa kazi yake ni Mollie Slott, msaidizi wa mchapishaji huyo. Mwaka 1940 Brenda Starr akaanza kutoka, kisa cha mwandishi wa habari wa kike, na Messick akamchora miaka 40.

Msichana wa kidato cha pili, ambaye siku zote hufunika daftari lake kwa mkono, akauliza: "Kwa hiyo mwanamke mwingine ndiye aliyeiona?"

Ndiyo. Na leo, kwa mara ya kwanza, aliondoa mkono wake. Amechora konda wa daladala anayening'inia mlangoni, tai ya sare ikipepea, na mguu mmoja hewani umechorwa kwa uzito sahihi kabisa. Nikamwambia aweke jina. Akaliandika kwa penseli, dogo sana. Nikampa kalamu ya wino.

Saa 12 jioni

Ndani ya daladala, nimesimama, bado nabishana kimoyomoyo na mwalimu mmoja aliyenisindikiza getini. Alisema kwa nia njema kabisa: "Labda wasichana hawavutiwi tu na kazi hii."

Ningemjibu hivi. Mwaka 2016 tamasha la vibonzo la Angoulême, Ufaransa, ambalo ni kati ya makubwa duniani, lilitoa orodha ya watu 30 wanaowania tuzo yake kuu. Mwanamke hakuwemo hata mmoja. Baadhi ya wanaume waliotajwa, akiwemo Riad Sattouf, wakaomba majina yao yaondolewe. Tazama sasa wanawake waliopewa tuzo hiyo baadaye: Rumiko Takahashi 2019, Julie Doucet 2022, Posy Simmonds 2024, Anouk Ricard 2025. Hakuna hata mmoja kati yao aliyejifunza kushika kalamu baada ya 2016. Takahashi alikuwa anachapishwa tangu 1978. Walikuwepo, wanachora, wanasomwa. Aliyeketi kuandika orodha ndiye aliyewaruka.

Na karibu zaidi na hapa, Celeste Wamiru wa Kenya amechora katuni za kisiasa gazetini, uwanja ambao kwetu umekuwa wa wanaume tangu zamani. Ni mmoja ninayeweza kumtaja bila kufikiri. Natamani nisingekuwa nahesabu kwa kidole kimoja, na nina hakika wapo wengine wamekaa kwenye meza kama yangu, kazi zao zimebandikwa kwenye kuta za zahanati zikiwa na viraka vya kijivu.

Saa 3 usiku

Umeme umerudi. Ujumbe wa mteja umeingia: wakubwa wamekubali, jina libaki. Nashukuru, namtumia bango.

Kimebaki kisanduku cha sita. Bi Mosi anaondoka, amejitwisha kiroba, tunamwona kwa nyuma, na kanga yake inatukabili. Kanga lazima iwe na jina. Nimelihangaikia siku nzima. Nimezitandaza kanga za mama kitandani, nikapita moja moja. Kwenye nyingine chapa ya mfanyabiashara imo: K.H.E., Mali ya Abdulla, ile ya Mombasa inayojulikana pwani yote. Jina la kanga limo. Nimetafuta kote kwenye pindo, jina la aliyelichora ua lile sijaliona hata kwenye moja.

Mazoea yakanisukuma: ficha jina lako humo, kwenye pindo. Nikaweka brashi tayari. Kisha nikakumbuka kwamba huu ni ukurasa wangu, hauendi kwenye kompyuta ya mtu. Kwenye kanga nikaandika alilosema shangazi leo kwenye simu kabla hatujaagana, "Maji hayeshi", kwa herufi kubwa za mraba kama za kanga za kweli, zikijikunja mahali kitambaa kinapojikunja. Na chini kulia, nje ya kisanduku, penye weupe mtupu, nikaandika jina langu lote, la kwanza na la baba.

Wino unachukua dakika kumi kukauka. Nikaenda jikoni kuchemsha maji ya kukanda mkono.